Boriti za Rufiji na chumba cha bibi harusi



Mabibi harusi wanaoolewa Mji Mkongwe huniuliza swali moja: kitanda cha sita kwa sita kitaingia? Kuingia kitaingia, shoga yangu, lakini nafasi itakayobaki ni ya kupita ubavu-ubavu. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, futi tisa, au kumi ukibahatika. Watu husema wazee walipenda hivyo. Siyo. Upana huo uliamuliwa na mti uliokatwa Rufiji. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na imebebwa na boriti za mkoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti ikizidi urefu huo huanza kubonyea.

Nimelijua hili tangu utotoni, kwani bibi yangu mzaa mama alitoka Mbwera, kwenye delta ambayo leo iko wilaya ya Kibiti. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na katikati yake kuna zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina hiyo kuliko wote Afrika Mashariki. Bibi alikuwa akizitaja nguzo kwa unene wake kama mtu anayehesabu wajukuu: fito, pau, mazio, boriti. Fito za kukandikia, pau za paa, boriti za dari. Wakataji waliingia vijito na maji yakijaa, wakatoka na maji yakijaa tena, na kati ya hapo ni tope na mbu.

Majahazi yalipakia Rufiji kwa karne nyingi. Mengine yaliishia Unguja, mengine yalisubiri upepo wa kusi yarudi Uarabuni. Mwaka 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, aliingia delta na jahazi la Wakuwaiti lililokwenda kupakia boriti, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Kwa hiyo bibi harusi wa Kuwait, Bahrain au Sur wa zama hizo alikuwa na tatizo la kitanda kama lako! Ghuba ilipopata mafuta ikahamia zege na nondo. Sisi tumebaki na dari zetu, na kila dari ikichoka macho yanarudi Rufiji.

Tatizo ni kwamba sheria imekaa kwenye ncha zote mbili za boriti.

Kule delta ilianza mapema. Mwaka 1898 Wajerumani waliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi, na watu waliokuwa wakiishi humo wakajikuta wanakaa ndani ya mali ya serikali. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko. Mwaka 1991 ukatoka mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara, ulioongozwa na mwanamke, Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mungu amrehemu. Mpango huo uliigawa mikoko katika kanda nne: isiyoguswa kabisa, inayovunwa kwa kibali, iliyoharibika na inayohitaji kupumzishwa, na ile ya shughuli za maendeleo. Hesabu nzuri kwenye karatasi. Lakini kina mama wa delta hulima mpunga kandokando ya mikoko hiyo hiyo, na shamba lililo ndani ya hifadhi huwezi kulichukulia hati hata kama mama yako na mama yake walililima.

Huku kwetu Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mwaka 1994 ikaja sheria ya hifadhi pamoja na mpango mkuu wa mji, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika urithi wa dunia. Kwa mwenye nyumba maana yake ni hii: huongezi ghorofa, hubadilishi mlango, dirisha wala roshani, hubomoi, bila kibali. Na ukitengeneza, unatakiwa ufuate vifaa vya asili: chokaa, mawe, boriti. Sibishani na hilo. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza huku kwa nje unapendeza. Nimeona kwa jirani.

Lakini njooni kwetu. Bibi alipofariki aliacha wana wawili na mabinti watatu. Kwa hesabu ya mirathi nyumba ikawa mafungu saba, kila binti fungu moja. Sura An-Nisaa imetupa wanawake haki hiyo, kiwe kidogo au kingi, na mama yangu alijivunia fungu lake. Kisha dari ya ghorofa ya pili ikaanza kubonyea. Fundi mmoja akasema tumwage zege, wiki mbili kazi imekwisha. Kibali cha zege hatukupata. Tukaambiwa boriti. Tukazitafuta, na zilizopatikana zilikuwa nyembamba, au hazina karatasi za kuvunwa wala kusafirishwa. Tungenunua hizo, tungekuwa tunahifadhi nyumba ya bibi kwa kuuibia msitu wa kijiji chake.

Miaka minne ikapita. Wajomba wawili wana nyumba zao, wao walisema tuuze. Wanunuzi wakaitazama dari, wakatoa bei ya kuokota. Aliyebaki kulala chini ya dari ile ni mama na khalati, wenye fungu moja-moja. Jumba la Beit al-Ajaib lilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, mama alihamishia godoro chini, ukumbini. Hilo lilikuwa la serikali, akasema, sembuse letu.

Mimi naona anayelazimisha boriti ana wajibu wa kusema zitatoka wapi. Mkoko wa kufikia unene huo hautaki mwaka mmoja wala miwili. Kibiti wangeweza kutengewa eneo la kuvuna taratibu na kupanda tena, kwa ajili ya dari za Mji Mkongwe, na pesa ziende kwa wanakijiji wanaoulinda msitu. Visiwani na Bara ni mamlaka mbili, najua. Majahazi ya zamani hayakuona ugumu huo.

Mwaka jana, alhamdulillahi, tulipata boriti sita zenye vibali vyote. Tulihitaji kumi na moja. Tumeanza na chumba cha mbele, kwa sababu binti wa khalati anaolewa baada ya Idi na mume anahamia kwetu. Chumba cha nyuma bado kina nguzo katikati. Kitanda tumechukua cha tano kwa sita.