Kilichopita Kwenye Nozeli

Lori haliwezi kuficha limekunywa nini. Mwenye gari ataapa kwamba ni dizeli tupu, lakini ukifungua pampu, plunja zinasema mengine. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli hapa Kibiti, na historia ya barabara ya Kusini nimeisoma zaidi kwenye vyuma hivyo vidogo kuliko kwenye karatasi.

Hamu ya kuyalisha magari kitu kingine ni ya zamani. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe alikuja kueleza kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa na hamu na jambo hilo kwa sababu ya karanga zilizolimwa katika makoloni yake ya Afrika. Huku kwetu ilikuwa nazi. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha kwenye delta yetu ya Rufiji mwaka 1914, hadi ilipoangamizwa Julai 1915, Waingereza walikuwa wameifunga bahari na petroli haikuingia. Wajerumani wakatengeneza mafuta ya magari kutokana na nazi, wakayaita trebol. Hayo yalikuwa ya magari ya petroli, si ya dizeli, lakini yaliwasaidia kwenda. Petroli ilipopatikana tena, nazi ikarudi jikoni.

Zamu iliyofuata, wageni walikuja na ramani. Mwaka 2007 na 2008 Rufiji ilisikia habari za SEKAB, kampuni ya Sweden iliyotaka kulima miwa kwenye maelfu na maelfu ya hekta, hapa na Bagamoyo, ili ikamue ethanoli. Wengi walidhani ethanoli ni ya magari madogo tu. Kumbe SEKAB hiyohiyo ndiyo inayotengeneza ED95, ethanoli iliyotiwa dawa ya kuisaidia kuwaka, kwa ajili ya injini za Scania zinazofanya kazi kwa mgandamizo kama dizeli. Mabasi ya Stockholm yametembea na ethanoli miaka mingi. Kwa maneno mengine, muwa wa Rufiji ungeweza kusukuma basi la Sweden, na lori lililokwama kwenye matope ya Somanga lisionje hata tone. Mwaka 2009 fedha ziligoma, SEKAB ikauza mradi. Kisarawe, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kwa ajili ya mbono kaburi, na mwaka 2011 nayo ikafilisika. Ardhi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa wanakijiji, na hilo kwangu ni zito kuliko mafuta ambayo hayakupatikana.

Miaka hiyohiyo ya mikutano na ramani, mafuta mbadala ya kweli yalikuwa tayari ndani ya matangi: mafuta ya taa. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Ushuru wa bidhaa kwa lita ya dizeli ulikuwa shilingi 314, wa mafuta ya taa shilingi 52. Wachakachuaji wakatajirika, na wenye malori wengine walijichanganyia wenyewe, makusudi.

Gari la namna hiyo lilipoletwa, sikuhitaji mashine ya kupimia. Pampu inalainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma, na mafuta ya taa ni makavu. Plunja ambayo ingepaswa kung'aa kama kioo ilikuwa na michirizi ya wima, ukipitisha ukucha unakwama. Dereva naye analeta malalamiko yaleyale: asubuhi gari linawaka vizuri, likipata moto halitaki kuwaka. Mafuta mepesi na ya moto yanavujia pembeni mwa plunja iliyolika, nozeli haipati nguvu ya kupuliza. Alichookoa kwenye ushuru alikilipa kwenye benchi langu.

EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi shilingi 400.30, ule wa dizeli ukashushwa hadi 215. Uchakachuaji ule ukakosa faida. Ila bei mpya ya mafuta ya taa haikuishia barabarani. Ilivuka maji hadi Salale na Mbwera, huko deltani, kwenye nyumba zenye koroboi ambazo hazijawahi kumiliki hata baiskeli. Serikali ilikuwa sahihi kuhusu malori. Koroboi haikuwa na mtetezi.

Na gesi je? Bomba la Songo Songo limepeleka gesi Ubungo tangu 2004, likikatiza ardhi ya Rufiji. Siku hizi malori ya saruji ya Dangote kutoka Mtwara yanapita hapa mengine yakiwa na mitungi ya gesi, na vituo vyake vya kujazia viko Mtwara na Mkuranga. Sisi tuko katikati. Gesi haijiwashi kwa mgandamizo wa kawaida wa injini ya dizeli. Ama ubadili injini na kuweka plagi, ama ubakize dizeli kidogo iwe kiberiti. Vijana niliowafundisha wanaulizia mafunzo ya kufunga mitungi kule chuo cha DIT, Dar es Salaam, na wananihurumia kana kwamba kazi yangu imekwisha. Nawaambia nozeli inayopitisha dizeli kidogo haipozwi vya kutosha, ncha yake inaungua na kuziba. Wataileta hapa.