Historia Fupi ya Ofisi ya Mchunguzi wa Vifo, Kaunti ya Edgefield

Katika kaunti ya Edgefield, jimbo la South Carolina nchini Marekani, ni ofisi chache za umma zenye nasaba ndefu kama ya mchunguzi wa vifo. Chimbuko lake ni Uingereza ya mwaka 1194, enzi za mfalme Richard wa Kwanza, ilipoamriwa wachaguliwe watu wa kutunza mashauri yanayomhusu mfalme: nani kafa kifo cha ghafla, nani anashukiwa, mali imebaki wapi na sehemu ya mfalme ni ipi. Tuseme kweli, mfalme alikuwa akitafuta fedha kuliko haki. Hata hivyo agizo hilo lilizaa desturi iliyowashinda wafalme kwa umri, wakoloni wakavuka nayo Atlantiki, na Edgefield ilipoundwa mwaka 1785, miaka miwili tu baada ya mkataba uliomaliza vita vya uhuru, ofisi haikuhitaji kubuniwa upya. Ilikuja na viapo vyake, maneno yake ya kisheria na ukaidi wake wa kutaka kila kitu kiandikwe.

Inafaa kuikumbuka kazi yenyewe ilivyokuwa katika miaka hiyo ya mwanzo, maana ndipo heshima ya ofisi ilipojengwa. Mtu ameokotwa mtoni, au ameangushwa na farasi, au amekutwa amelala kimya nyuma ya kilabu cha pombe. Habari inamfikia mchunguzi, naye anatandika farasi wake na kwenda hadi pale mwili ulipo, kwa kuwa sheria haikukubali uchunguzi wa kusimuliwa: maiti lazima ionekane kwa macho. Anakusanya majirani, wanaume Wazungu wa eneo hilo, anawaapisha mbele ya marehemu. Daktari wa karibu akipatikana anapima majeraha, na ikibidi anapasua. Mashahidi wanasema, maneno yao yanaandikwa, kisha jopo linatamka marehemu ni nani, amekufa lini, wapi na kwa sababu gani. Asiyejua kuandika anatia alama ya msalaba. Yote haya yalifanyika kwa haraka, kwa sababu joto la Julai la Kusini halimsubiri mtu. Ujira ulikuwa mdogo na ulilipwa kwa kila uchunguzi, lakini cheo kilikuwa na fahari yake: ikitokea sherifu mwenyewe anadaiwa au anashtakiwa, aliyekuwa na mamlaka ya kumpelekea hati ni mchunguzi wa vifo.

Watu wakilisikia jina la Edgefield huwaza damu, na si bure. Mchungaji Mason Locke Weems aliuza kijitabu juu ya Becky Cotton, mwanamke wa huko aliyeshtakiwa kwa kumuua mumewe. Mwaka 1840 Louis Wigfall, ambaye tayari alikuwa amemuua kijana wa jamaa ya kina Brooks mbele ya jengo la mahakama, alipambana kwa bastola na Preston Brooks katika kisiwa cha mto Savannah. Wote wawili walijeruhiwa, wote wakapona, na mchunguzi wa vifo akakosa ujira wake. Ni Brooks huyohuyo aliyempiga seneta Charles Sumner kwa bakora ndani ya Seneti tarehe 22 Mei 1856. Kaunti iliyotoa magavana kumi inapenda simulizi za namna hii, za mabwana wakubwa na hasira zao kubwa. Lakini ofisi yetu haikuandika historia ya mabwana. Karatasi za uchunguzi wa karne ya 19 katika majimbo ya Kusini zimejaa watu waliozama, walioungua nguo zikiwa mwilini, waliokunywa hadi mwisho, waliojinyonga, vichanga waliokutwa wamefichwa, na ugomvi wa maskini usio na kanuni za heshima wala mashuhuda wenye kofia ndefu. Anayetaka kujua watu wa kawaida wa mashamba ya pamba walikufaje, asiende kwa wasimulizi wa mapambano ya bastola. Aende kwenye karatasi hizo.

Hapo ndipo pingamizi kubwa zaidi linapokuja, nalo halikwepeki. Ofisi hii, wanasema wapinzani, ilikuwa ya mabwana tangu mwanzo: majopo yalikuwa ya Wazungu, na mtumwa aliyekufa baada ya kuchapwa viboko aliweza kutangazwa kuwa amekufa kwa kudra ya Mungu. Sheria yenyewe iliegemea upande huo. Kwa sheria ya mwaka 1740, Mzungu aliyemuua mtumwa kwa makusudi alitozwa faini, na pale ambapo hapakuwa na shahidi Mzungu, mtuhumiwa aliruhusiwa kujisafisha kwa kiapo chake mwenyewe. Adhabu ya kifo kwa kosa hilo ilikuja mwaka 1821 tu, na ushahidi wa mtumwa haukupokelewa mahakamani dhidi ya Mzungu. Hakuna haja ya kuyapamba haya. Majopo ya majirani yalijua nani anamdai nani, na nani ataonana na nani kanisani Jumapili.

Lakini hukumu ya jopo na kumbukumbu ya uchunguzi ni vitu viwili, na wapinzani huvichanganya. Katika sensa za 1850 na 1860, orodha za watumwa ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali. Majina ya watumwa wenyewe, isipokuwa mara chache mno, hayakuandikwa. Jopo la uchunguzi halikuweza kufanya hivyo, kwa kuwa kanuni ya zamani ilidai marehemu atajwe ni nani. Ndivyo mtu ambaye serikali kuu ilimhesabu bila kumtaja alivyopata jina lake katika karatasi ya kaunti, pamoja na mahali alipolala, hali ya mwili wake na walioulizwa. Jopo likasema kudra ya Mungu. Lakini ikiwa daktari ameeleza mgongo na mbavu, maelezo yake yamekaa palepale juu ya sahihi zao, na msomaji wa leo anaweza kuamua tofauti. Mtu atajibu kuwa jina liliandikwa kwa sababu mtumwa alikuwa mali, na mali iliyopotea lazima ihesabiwe. Sawa. Mfalme wa 1194 naye alitaka fedha. Nia ya anayeagiza kuandika haiwi mpaka wa kile kilichoandikwa, na hilo ndilo jambo ambalo historia nzima ya ofisi hii inalithibitisha.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Katiba ya jimbo ya 1868 ilimfanya mchunguzi achaguliwe kwa kura za wananchi, na miongoni mwa wapiga kura walikuwamo wanaume Weusi ambao miaka michache tu nyuma walikuwa watumwa. Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Mji wa Hamburg, uliokatwa kutoka Edgefield mwaka 1871 na kuwekwa katika kaunti mpya ya Aiken, ulipatwa na msiba tarehe 8 Julai 1876: walikufa watu saba, sita wao Weusi na mmoja Mzungu, na baadhi ya Weusi hao walipigwa risasi wakiwa tayari wamekamatwa. Aliyesimamia uchunguzi ni hakimu Prince Rivers, mtumwa wa zamani aliyekuwa sajini katika jeshi la Muungano. Jopo lake liliwataja Wazungu zaidi ya 80. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa, na Benjamin Tillman, mzaliwa wa Edgefield, baadaye alijigamba hadharani kwamba alikuwamo, akawa gavana, kisha seneta. Je, uchunguzi wa Rivers ulikuwa kazi bure? Kwa waliouawa, haukuleta haki. Ila kwa sababu yake, hakuna mtu anayeweza kudai kwamba wakati ule wahusika hawakujulikana.

Na hilo ni neno zito, kwa kuwa majopo ya miaka ya 1890 yalidai hivyo hasa. Baada ya magenge kunyonga watu, majopo ya Kusini yalizoea kutamka kwamba marehemu ameuawa na watu wasiojulikana, hata pale ambapo mji mzima ulikuwepo. Mwaka 1893 John Peterson, mtu Mweusi, alikwenda kwa gavana Tillman kuomba ulinzi dhidi ya genge la namna hiyo. Akarudishwa Denmark, mji wa South Carolina, akauawa. Kwa hukumu hizo za watu wasiojulikana, ofisi ilikiuka kanuni yake ya msingi, ile ya kutaja, na hakuna utetezi. Mwandishi wa habari Mweusi Ida B. Wells aliyajibu majopo hayo kwa kutumia takwimu za magazeti ya Wazungu wenyewe, kama mwandishi wa habari H. V. Redfield alivyokusanya habari za magazeti kwa kitabu chake cha 1880 juu ya mauaji ya Kaskazini na Kusini. Walilazimika: South Carolina haikuwa na usajili wa vifo wa jimbo zima hadi 1915.

Yaliyofuata yanatajwa kwa ufupi. Mwaka 1895 kaunti ya Saluda ilijitenga na Edgefield. 1897 Greenwood ikachukua sehemu yake. 1916 McCormick nayo. Kwingineko nchini, Massachusetts ilikuwa imefuta ofisi hii tangu 1877 na kuwapa kazi madaktari. New York City ikafanya hivyo 1918. South Carolina haikufuata mkondo huo: kaunti zake zote 46, Edgefield ikiwamo, hadi leo humchagua mchunguzi wa vifo kwa kura.