Mizani, Redio na Simu katika Usukuma

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na hadithi peke yake. Namna watu wanavyopokea vyombo vigeni, wakavichunguza na kuvitawala, nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Nchi ya pamba ya Usukuma, ambamo Bariadi imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mwaka 2012, yatupa ushahidi.

Chombo kilichozusha mashaka mapema kilikuwa mizani. Kabla ya vyama vya ushirika, mnunuzi ndiye aliyepima, na mkulima akapokea alichoambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, walidai pamba yao ipimwe na watu wao wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa la ushirika. Waliojua kusoma mizani hawakupunjwa tena kwa urahisi.

Fedha za pamba zilinunua baiskeli, kisha redio. Redio ya transista, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, haikuhitaji umeme wa waya; betri zilitosha, na zilipochoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2, kwa muda wa wiki 12, wasikilize redio katika vikundi. Hawakuishia kusikiliza: walisoma kitabu, wakajadiliana, wakachimba vyoo.

Simu ya mkononi humfikia kila mtu peke yake, na hapo udanganyifu ukapata mlango mpya. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Wananchi walikuwa wameelezwa wabonyeze *#06#, wapate namba yenye tarakimu 15, waitume kwenda 15090 ili wajue uhalali wa simu zao. Aliyenunua bila kupima alibaki na chombo bubu mkononi.

Leo habari za vyombo vipya huja kila siku, na nyingi hutoka kwa wauzaji. Mkulima wa zamani hakuikataa mizani, alijifunza kuisoma. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hivyo basi, mwanafunzi na aulize kabla ya kununua: kimetengenezwa wapi, kitadumu muda gani, na kikiharibika nani atakitengeneza?