Akiba ya Pumzi

Katika maduara ya dhahabu ya Geita, mchimbaji mwenye busara hateremki shimoni ila awe amekwisha kuhakikisha kuwa mpira wa hewa umefika chini, maana ajua kwamba huko aendako hewa haimfuati mtu. Hekima hiyo ndiyo iliyomo katika istilahi ya kitabibu ninayopendekeza tuiite kuweka akiba ya oksijeni: yaani kumvutisha mgonjwa oksijeni tupu, kwa barakoa iliyombana vyema usoni, muda wa dakika 3 hivi kabla ya kumtia usingizi. Mtu angeweza kusema kutanguliza oksijeni, wala si kosa; lakini neno hilo lataja wakati wa tendo bila ya kutaja sababu yake, ilhali akiba yataja yote mawili, kwani hakuna awekaye akiba baada ya njaa kuingia.

Haja yake hudhihirika katika tiba ya umeme ya maradhi ya akili, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Siku hizi mgonjwa hupewa kwanza nusukaputi, kisha dawa ya kulegeza misuli ili mtukutiko uletwao na umeme usimvunje mifupa. Lakini dawa hiyo hulegeza pia misuli ya kupumulia, na mtukutiko wenyewe hula oksijeni kwa pupa.

Mapafu ya mtu mzima mwenye siha, akiisha kushusha pumzi, hubakiwa na hewa ya lita mbili na ushei. Ikiwa ni hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, humtosha kwa dakika moja hivi bila kupumua. Ikiwa ni oksijeni tupu, yaweza kumfikisha dakika 8.

Ama unene wa kupindukia, Kiswahili kimeupa jina la kiribatumbo, na kiriba, kama wajuavyo wazee waliovuka nyika kavu za Shinyanga, ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji ya safari. Ajabu ni kwamba kiriba cha tumbo kinapojaa, kiriba cha pumzi hupungua: mgonjwa alalapo chali, tumbo husukuma kiwambo juu na kuyabana mapafu, na mwili mkubwa nao hutumia oksijeni nyingi zaidi, hata zile dakika 8 zikashuka chini ya 3. Kwa hiyo huinuliwa kichwa na mabega kwa kadiri ya nyuzi 25, barakoa ikashikwa na mtaalamu mmoja kwa mikono miwili huku mwenzake akiuminya mfuko wa oksijeni, kabla ya umeme na baada yake, mpaka mgonjwa apumue mwenyewe.

Basi wakufunzi wa wataalamu wa usingizi, hasa wa hospitali ya Bugando kule Mwanza, ambako wagonjwa wa Shinyanga na Geita hupelekwa, nawasihi walitie neno hili katika masomo yao. Kwani mwanafunzi aliyefundishwa akiba hataanza kuitafuta oksijeni wakati midomo ya mgonjwa imekwisha kugeuka rangi.