Maumivu ya taya na kusaga meno usingizini

Kiungo cha taya kiko mbele tu ya sikio, ndiposa mwenye maumivu hayo hudhani ni sikio linalomuuma, au gego limeoza. Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, ambako wachumaji hurauka alfajiri, wapo waamkao na kichwa kizito, mashavu yakiwauma na vinywa visivyofunguka vyema. Aghalabu alalaye karibu ndiye hutambua chanzo: mwenziwe husaga meno usiku.

Wasiwasi, pombe, sigara na chai kali ya usiku huchochea hali hiyo. Wazazi hulaumu minyoo. Kwa watoto wengi, hata hivyo, tabia hiyo hukoma yenyewe.

Usikimbilie kung'oa jino zima. Kula vyakula laini kwa siku kadhaa, uweke kando muwa na mahindi ya kuchoma, na ukande shavu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Mchana, fumba midomo bila kugusanisha meno. Madaktari wa meno, kama walio katika hospitali ya Tenwek, Bomet, au ile ya rufaa ya Kericho, waweza kupendekeza kikinga cha plastiki cha kuvaliwa usiku. Hakikomeshi kusaga, hulinda meno yasilike.

Lakini taya likikakamaa siku au majuma machache baada ya kujikata kwa panga shambani, huenda ni pepopunda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.