Cheo na Mnyororo



Mtu apitaye Jabe, mjini Bujumbura, au aingiaye Buyenzi jirani yake, husikia Kiswahili kila baraza. Lugha hiyo ililetwa na misafara ya Ujiji, wapagazi na askari, miongoni mwao Wamanyema wengi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo habari ya utumwa si ya mbali hapa.

Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, tajiri wa pembe na watumwa aliyekaa Ujiji, alieneza nguvu zake kando ya ziwa hadi Uzige, ilipo Bujumbura ya leo. Milima ikamshinda. Mwami Mwezi Gisabo hakuwa na jeshi la bunduki. Alikuwa na watu wa mikuki na mishale waliopigana kwao, chini ya wakuu wao wenyewe.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda vingine. Kuanzia mwaka 1892 Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ilipigana na mabwana wa Manyema kwa jina la kukomesha utumwa. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, Kasongo Aprili, na Januari 1894 Rumaliza mwenyewe akakimbia. Vitabu vingi vilimsifu Dhanis, Mbelgiji aliyeongoza vita. Lakini waliovuka mito na kuvunja maboma walikuwa Waafrika, na wengi wa hao walikuwa watu wa Gongo Lutete.

Gongo hakuwa malaika. Aliwahi kuvamia vijiji kwa faida ya Tippu Tip, naye mwenyewe husimuliwa kuwa alikuwa mtumwa utotoni. Mwaka 1892 aligeuka, akawapa Wabelgiji wapiganaji na njia. Malipo yake? Septemba 1893, huko Ngandu, maofisa wa Dola walimshtaki kwa uhaini, wakamhukumu upesi, wakampiga risasi. Askari wake walitiwa katika jeshi la Dola, Force Publique. Jeshi hilo lilikuwa na desturi ya ajabu: mateka "aliyekombolewa" kutoka kwa mfanyabiashara aliweza kuvikwa sare na kutumikishwa miaka kadhaa bila kuulizwa kama anataka. Mnyororo ulibadilishwa jina tu.

Tarehe 4 Julai 1895, kambini Luluabourg, askari hao waliasi, wakamwua kamanda wao, Pelzer. Kifo cha Gongo hawakuwa wamekisahau, wala viboko. Mwaka 1897 wengine waliasi katika msafara wa Dhanis mwenyewe, wakapigana miaka kadhaa, hata baadhi yao wakaishia kuvuka na kuingia upande wa Wajerumani, huku kwetu. Walikuwa hodari mno wa vita, ila hakuna serikali iliyokuwa tayari kumpa hata mmoja wao cheo cha ofisa.

Linganisheni na Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi. Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa, aliingia jeshi la Ufaransa mwaka 1794, Ufaransa ilipofuta utumwa, akawa jenerali. Mwaka 1802 Bonaparte alipeleka jeshi kumvunja. Toussaint akakamatwa, akafia gerezani Ufaransa Aprili 1803. Lakini habari za kurudishwa utumwa zilipoenea, Dessalines, naye jenerali aliyewahi kuwa mtumwa, aliwageuzia Wafaransa bunduki. Akawashinda Vertières tarehe 18 Novemba 1803, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa huru. Huko watumwa wa zamani walikuwa wamekwisha kujifunza kuamuru.

Force Publique iliwanyima watu wake elimu hiyo kwa miaka zaidi ya 70. Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na ofisa mmoja mweusi. Jenerali Janssens, kamanda wake Mbelgiji, aliwaambia askari kuwa uhuru haubadilishi kitu jeshini. Waliasi mara moja. Siku chache baadaye Victor Lundula, aliyewahi kuwa sajini katika jeshi hilohilo, alivishwa ujenerali. Alikuwa Mtetela.