Darubini ya Kwanza: Usidanganywe na Namba ya Kwenye Boksi

Leo bumu na foleni ya kantini tuviweke kando, tuongee nyota. Hoja yangu ni moja: anayeanza kuangalia anga akichagua darubini kwa namba ya ukuzaji iliyoandikwa kwenye boksi, ameliwa. Na sitoi hilo kichwani kwangu, historia ndiyo inasema.

Linanigusa kwa sababu vijana wa klabu ya sayansi, shule moja ya kata nilikofanya mazoezi ya kufundisha, wamechangishana hela, nyingine za maandazi kabisa. Dukani wameona darubini yenye lenzi ya kipenyo cha milimita 60, boksi linajisifu "mara 525". Wananiuliza, mwalimu, tuchukue? Hela hiyo haichangwi mara mbili.

Haya, turudi nyuma. Oktoba 1608 fundi miwani wa mji wa Middelburg, Uholanzi, aitwaye Hans Lipperhey, aliomba hataza ya chombo cha kuvuta karibu vitu vya mbali. Mwaka 1609 Galileo kule Italia akasikia habari hizo, akajitengenezea cha kwake. Cha kwanza kilikuza mara 3 tu, akaboresha hadi mara 20 hivi. Hiyo mara 20 ndiyo iliyomwonyesha, Januari 1610, miezi minne ya Mshtarii. Mara 20 jamani! Ikatosha kuwatikisa walioamini kwamba kila kitu angani kinaizunguka dunia. Ila ilikuwa na mipaka yake: mwaka huohuo aliitazama Zohali akadhani ni nyota tatu zimeshikana. Aliyekuja kueleza kwa maandishi kwamba ile ni pete ni Christiaan Huygens, mwaka 1659.

Kuna na William Herschel, mwanamuziki Mjerumani aliyehamia Bath, Uingereza. Mwaka 1773 alikodi darubini ndogo, akaulizia bei ya kubwa, akakuta haishikiki. Basi akaanza kujitengenezea vioo mwenyewe kwa mchanganyiko wa shaba na bati. Mdogo wake, Caroline, alikuwa anamlisha huku yeye anasugua kioo, maana mkono hautakiwi kutoka. Tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini yake ya nyumbani yenye kioo cha milimita 157 hivi, akaiona sayari ya Uranus. Siku hiyo alikuwa anakuza mara 227. Caroline naye akaja kugundua nyota zenye mkia 8.

Sasa pigeni hesabu. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, na hiyo inategemea upana wa lenzi au kioo. Ukuzaji unautandaza tu mwanga uleule. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria itajaa, nyama ni ileile. Kanuni ya wazoefu ni kwamba kila milimita ya kipenyo inabeba ukuzaji wa mara 2 hivi, basi. Herschel na milimita 157 zake alikuwa ndani ya mstari. Lenzi ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Hiyo 525 ni ukungu mtupu, tena kwenye stendi inayotetemeka ukikohoa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wale vijana ni huu. Kwanza macho: mababu zetu walijua majira ya kulima kwa kukitazama Kilimia, bila lenzi yoyote. Pili, darubini ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili kipenyo. Lenzi ya milimita 50 inakusanya mwanga takriban mara 50 ya jicho lililozoea giza. Egemeza viwiko ukutani, utaona mashimo ya mwezini, nyota za Kilimia zikiongezeka, na ile miezi ya Galileo. Pete za Zohali hutaziona, tusidanganyane.

Hela ikipatikana tena, ndipo tufikirie ya kioo cha milimita 150 kwenye kitako cha mbao. Mtindo huo aliusambaza John Dobson (1915–2014), mtawa wa zamani wa San Francisco aliyetumia vioo vya kuokoteza, maboksi na mbao, akiwaonyesha wapita njia mwezi bure. Fundi seremala wa mtaani kwako kitako hicho hakimshindi.

Na jambo moja lisilo na mjadala: usielekeze chombo chochote kati ya hivi kwenye jua. Jicho halina spea.

Nawasilisha, wadau. Ngoja niwahi semina.